Mama Alishika Fimbo

Jua la Usenge asubuhi hiyo lilikuwa la kuku kutaga mayai yaliyokwisha kuchemka. Wanawake wa ufukweni walikuwa chini yake tangu alfajiri, migongo imepinda, wakitandaza omena, dagaa wa ziwani, juu ya nyavu kuukuu. Omena haina subira. Ukichelewa kuianika inaoza, ukichelewa kuigeuza inaoza. Nyufa za mikono yao zilijaa magamba ya samaki mpaka zikameremeta. Kwa mbali ungedhani wamevaa vito.

Aoko alipiga magoti mchangani kando ya safu ya mkonge, panga mkononi. Alikuwa mwaka wa mwisho wa uhandisi wa upimaji ardhi, na hii ilikuwa atachimenti yake, ile miezi ambayo chuo humtuma mwanafunzi akajifunze kazi kwa wenye kazi. Tangu asubuhi alikuwa akichimba. Sasa panga lilikuwa limegonga kitu kigumu.

"Bwana Owiti! Nimeipata!"

Ilikuwa bikoni ya zamani, kijiwe cha saruji chenye chuma katikati, iliyofunikwa na tope mwaka ule ziwa lilipopanda. Hapo ndipo shamba la mheshimiwa mmoja wa Milimani, mtaa wa matajiri mjini, lilipoishia. Kuanzia hapo kushuka majini palikuwa pa kila mtu: mahali pa nyavu, pa mitumbwi, pa omena.

Bwana Owiti, mpima ardhi mwenye leseni na kitambi cha kuheshimika, alikuja taratibu, akaichungulia kama mtu anayechungulia nyoka.

"Umefanya kazi nzuri," alisema. "Sasa fukia."

"Nifukie?"

"Kwani nimesema kwa Kichina? Waliaula! Njoo umsaidie injinia wetu kufukia."

Waliaula, fundi wa saruji, alikuja na sepetu. Hakumtazama Aoko usoni. Alijaza shimo, akalikanyagakanyaga, akarudi kwenye mchanga wake na maji yake, maana alikuwa anakoroga saruji ya bikoni nyingine.

"Lakini sheria, Bwana Owiti..."

"Sheria inasema bikoni ikipotea, irudishwe. Imepotea. Tunairudisha."

"Wapi?"

Owiti alinyoosha kidole kuelekea ziwani, pale mawimbi yalipolamba mchanga. Kati ya kidole chake na maji hapakutosha hata mbuzi kulala.

"Na hawa wataanika wapi?"

"Wanawake hawa? Wajanja sana. Wataanika juu ya maji." Alicheka, akajifuta jasho shingoni. Kisha akainamisha kichwa karibu, sauti ikashuka. "Unamkumbuka Lorna, wa chuo chenu? Mwaka jana alikuwa hapa na mimi. Akili kukushinda wewe. Maswali hivyo hivyo. Leo anauza soseji za smokie barabarani Kondele, anapima kachumbari kwa kijiko. Mimi sikumfanya kitu, nyathina, mwanangu. Nilikosa tu kalamu ya kumtilia sahihi ripoti yake ya atachimenti."

Barabarani, gari jeusi la mheshimiwa lilisimama na vioo vimefungwa. Injini ilikuwa inanguruma ili mtu wa ndani asisikie joto.

Aoko aliibeba mashine ya kupimia, akasimamisha miguu yake mitatu pale alipoambiwa. Alihitaji mtu wa kusimama mpakani na fimbo ndefu yenye kioo juu, ili mashine ikilenge kioo hicho. Kwa kawaida hiyo ilikuwa kazi ya Waliaula.

"Waliaula ana saruji," Owiti alisema. "Na kuna desturi ya kazi hii ambayo chuoni hawakufundishi. Jirani ndiye anayeshika fimbo. Jirani akishika fimbo, jirani ameona, jirani amekubali. Kesho hawezi kwenda kwa chifu kulia." Akapaza sauti. "Mama Aoko! Njoo mama yangu, mtoto apime, mama ashike!"

Vigelegele vililipuka ufukweni. Mama Aoko alinyanyuka, mkono kiunoni, akaifunga upya leso yake. Karo ya miaka yote ya chuo cha binti yake ilikuwa imetoka kwenye karai lake, kijiko kwa kijiko cha omena, na hakuna mwanamke Usenge ambaye hakuwa amesimuliwa. Kwa wiki nzima walikuwa wakiambiana kwamba wanapimiwa soko lenye paa. Owiti hakuwahi kusema hivyo. Kila walipomuuliza, alicheka tu na kusema, "Mambo mazuri yanakuja, akina mama."

Mama alipita mbele ya binti yake akinuka jua na samaki.

"Mama," Aoko alinong'ona, "usiishike. Si soko. Wanachukua hapa pote."

Mama alitabasamu meno ya mbele tu, kama mtu anayepigwa picha. "Wakubwa wako wanatuangalia. Usinifedheheshe."

"Mama, nisikilize..."

"Kwani mimi nimesoma? Huyu ndiye mwalimu wako. Akisema nisimame, nasimama."

Akaenda. Owiti alimkabidhi fimbo kwa mikono miwili, kama askofu anayekabidhi msalaba, akamwonyesha kichupa kidogo chenye kiputo cha hewa. "Kiputo kikae katikati, Mama. Kikitikisika, tunaanza upya."

Aoko aliinamia mashine. Mama yake alijaa ndani ya lenzi, karibu hivi kwamba aliona jasho kwenye nyusi zake. Aliomba atikisike. Aliomba upepo wa ziwa, aliomba nzi. Lakini mwanamke yule alikuwa amebeba makarai kichwani tangu utotoni, na shingo yake haikujua kuyumba. Kiputo kilitulia katikati kama kimepigwa msumari.

"Mama, rudi nyuma!" Aoko alipiga kelele. "Rudi mpaka kwenye mkonge!"

Mama alimtazama binti yake, kisha Owiti.

"Hapo hapo, Mama," Owiti alisema kwa upole. "Mtoto ameshikwa na jua."

Wanawake wakacheka, na Mama naye akacheka, akajinyoosha zaidi.

"Bonyeza," Owiti alisema sikioni mwa Aoko. "Au nibonyeze mimi, na wewe uende Kondele."

Kidole cha Aoko kilikuwa tayari juu ya kitufe. Mashine ikalia mara moja, mlio mdogo, kama kifaranga.

Barabarani, gari jeusi liligeuza na kuondoka.

Waliaula alimimina saruji miguuni pa Mama, akachomeka chuma, akalainisha juu kwa mwiko. Wanawake waliacha omena, wakaja kuzunguka kile kijiwe kibichi kama wanaangalia mtoto mchanga.

"Aandike jina!" mmoja akasema. "Watu wajue injinia ni wa kwetu!"

"Aandike!"

Mama aliushika mkono wa binti yake, akakinyoosha kidole kile kile, akakishusha kwenye saruji. Aoko aliandika A. Kidole kikakwama hapo.

"Andika lote, injinia wangu. Mbona unalia siku njema kama hii?"

Jua lilikuwa linawahi, saruji imeanza kukaza kando. Mama akachuchumaa, akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akayanyunyiza taratibu, isikauke kabla jina halijaisha.