Dole Nyuma ya Mlango

Mgeni wa chumba cha tatu alikuwa amepiga magoti nyuma ya mlango, shavu karibu liguse sakafu, akitafuta dole gumba. Alipoliona akacheka, akatia dole lake mwenyewe ndani ya kile kishimo. Lilienea sawasawa.

"La tano hilo!" akasema. "Bado sebuleni."

Nilisimama na mashuka mikononi. Mchezo huu niliuanzisha mwenyewe. Kila anayefika nyumba yetu ya wageni huambiwa kwamba fundi aliyeikarabati aliacha dole lake nyuma ya kila mlango, shubiri moja kutoka sakafuni. Wageni hupenda mambo kama hayo. Kwamba sebuleni hakuna, siwaambii.

Nyumba ilijengwa na babu yake Shangazi. Kuta zake ni za mawe, nene sawa na urefu wa mkono ulionyooshwa, na dari ni za boriti. Ilipofika mikononi mwetu paa lilikuwa likivuja kama chekeche. Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu, ndiye aliyenilea humo. Nilipoachishwa kazi hotelini nikarudi kwake, na mimi ndiye niliyemtia maneno: tuigeuze nyumba ya wageni, Shangazi, tuishi humohumo nayo itulishe. Alikubali kwa sharti moja, kwamba fundi atamchagua yeye.

Akamchagua Mzee Chokaa. Sijui kama kuna aliyekuwa akimwita vinginevyo. Alikuwa mrefu, mkavu, nyusi nyeupe muda wote, nusu kwa uzee na nusu kwa vumbi. Saruji alikuwa haigusi. Chokaa aliiroweka kwenye mapipa uani, akaikoroga kila asubuhi kama mtu anayeangalia uji, na nikimwuliza itakuwa tayari lini hujibu, "Ikiacha kuniuma vidole." Kabla ya kupiga plasta alikuwa akiugonga ukuta kama anayebisha hodi, kisha akiutegea sikio.

"Usipoziba ufa utajenga ukuta, fundi," Shangazi alimtania akimpa chai.

"Na ukiuziba vibaya, mama, utaujenga mara mbili."

Chumba kikiisha, plasta ikiwa bado mbichi, alichuchumaa nyuma ya mlango akabonyeza dole gumba la kulia. Nilimwuliza sababu.

"Ukuta ukija kuwaaibisha," alisema, "mjue wa kumfuata."

Mafundi wa saruji walikuwa wamemnyang'anya mji mzima. Hata hivyo jirani wa ng'ambo ya barabara alikuwa na nyumba ya umri uleule, na wenzake wanne mtaani walikuwa wakingoja kuona yetu itakavyotoka. "Nyumba hii ndiyo mdomo wangu," Mzee aliniambia siku moja. "Ikinisemea vizuri, nitaumaliza mtaa huu ndipo nipumzike." Nilimsikia vizuri sana. Siwezi kusema sikujua.

Ikabaki sebule. Ukuta wake wa mbele, wenye mlango, ulikuwa umekunywa mvua miaka mingi, na Mzee akataka uachwe wiki sita ukauke. Mimi nilikuwa nimeshaalika watu kwenye ufunguzi, bila kumwuliza yeye wala ukuta. Siku zile zile akaja mtu na habari kwamba dada yake Mzee amefariki. Akaondoka na mfuko mmoja.

"Binti, msiuguse," aliniambia mlangoni. "Ule ukuta una mafua. Unapumua kwa shida."

Siku ya pili ya msiba wake nikaita mafundi wawili wa saruji. Shangazi alikuwa kwa binti yake, akiuguza jicho lililopasuliwa, kwa hiyo hapakuwa na wa kuniuliza. Kwa siku moja ukuta ulikuwa umeshanyooka. Siku chache baadaye ukapakwa rangi nyeupe ya kung'aa. Nilisimama mbele yake nikaona nimewaweza wote. Huo ndio ukweli.

Mzee aliporudi aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo muda mrefu.

"Umeuziba pua," akasema.

"Wageni wakiondoka tutaibandua, fundi. Nakuomba. Shangazi asijue."

"Ukuta haujui tarehe ya wageni." Akashusha pumzi. "Mimi si wa kwenda kusema, binti. Utasema mwenyewe."

Sikusema.

Siku ya ufunguzi jua lilikuwa kali na sebule ilijaa. Shangazi alikaa kiti cha mbele na miwani yake mipya, akipokea pongezi kama bibi harusi. Rangi ilikuwa imeshaanza kuvimba malengelenge. Nilikuwa nimetundika pazia kuyaficha. Jirani wa ng'ambo alikuwa akimwuliza Mzee Chokaa ataanza kwake lini, ndipo kipande cha plasta, kikubwa kama meza, kikajibandua na pazia lake kikaangukia vikombe. Hakuumia mtu. Vumbi lilipotulia, macho yote yalikuwa kwa fundi.

Shangazi akasimama. "Ndiyo kazi yako hii? Nimekukabidhi nyumba ya babu yangu, unanivua nguo mbele za watu?"

Mzee akageuza kichwa. Alinitazama mimi. Laiti angenitazama kwa hasira, ningejua la kufanya. Alinitazama kama mtu anayekushikia mlango ili upite. Nilikuwa na trei mikononi.

"Tulimwamini, Shangazi," nikasema. "Tufanyeje?"

Maneno matatu tu, na sijawahi kuyapatia udhuru. Kutoka alipokuwa Shangazi mpaka nyuma ya mlango ni hatua tatu. Yeyote angeinama angeona kwamba ukuta ule haukuwa na dole, na fundi wa ukuta usio na dole hakuwa Mzee Chokaa. Hakuna aliyeinama. Aliyejua alikuwa ameshika trei.

"Nitaurekebisha," Mzee akasema.

Kesho yake alikuja na nyundo akaibandua saruji yote. Akangoja wiki zake sita, akapiga chokaa. Chai yetu hakuinywa tena. Alipomaliza aliosha mwiko, akaaga, akaenda zake. Nikakimbilia nyuma ya mlango, nikapapasa. Palikuwa laini tupu.

Jirani wa ng'ambo aliwapa nyumba yake mafundi wa saruji, na wale wanne wakamfuata. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, lakini ule ulikuwa mzigo wangu, na nilipomtwisha mwingine nikaona dunia nyepesi. Wageni walikuja, wakasifu ubaridi wa sebule, nami nikanenepa.

Nilimwona Mzee mara moja tu baada ya hapo. Alikuwa amechuchumaa kando ya barabara kuu na ndoo, akipaka chokaa mawe ya kingo, jiwe jeupe, jiwe jeusi. Aliinua uso akanitambua.

"Binti. Ukuta unapumua?"

"Unapumua, fundi."

"Haya," akasema, akahamia jiwe linalofuata. Nilikuwa na kinywa, nilikuwa na nafasi, na barabara ilikuwa tupu. Nikamwambia nina haraka.

Basi mgeni wa chumba cha tatu akateremka sebuleni. Shangazi alikuwa dirishani na kikombe chake. Mgeni akapiga magoti nyuma ya mlango, akapapasa, akapapasa tena.

"Mbona hapa hapana?"

"Alisahau," nikasema, kama ninavyowaambia wote, ila siku zote nilikuwa nikisema Shangazi akiwa hayupo.

Shangazi akageuka. "Yule hakuwa mtu wa kusahau." Alinitazama, kisha akautazama mlango. "Ule ukuta uliobanduka. Ulikuwa na dole?"

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Yangu ilikuwa imechukua miaka sita.

"Haukuwa nalo, Shangazi."

Nikamweleza yote, mgeni akiwa bado magotini, hajui ainuke au abaki. Nilitamani Shangazi anitukane. Aliweka kikombe chini.

"Miaka sita kila mvua ikinyesha nimekuwa nikimlaani yule mzee," akasema. "Niletee viatu vyangu."

Nikavileta, nikainama kumfunga kamba, maana mgongo wake haumruhusu. Akaweka mkono kichwani pangu. Hakuwa akinibariki, alikuwa akijishikiza asianguke.

"Radhi yangu nitamwomba mwenyewe," akasema. "Yako sikubebei. Unajua anakoishi?"

"Nitapaulizia."

Tukatoka. Ng'ambo ya barabara jirani alikuwa juu ya ngazi, mbele ya nyumba yake ya saruji, akikwangua malengelenge ya rangi kwa kisu. Alitupungia mkono. Shangazi akasimama katikati ya njia, akanishika kiwiko.

"Anzia kusema hapa," akasema.