Nguzo ya Kumi na Moja

Mjomba wangu, msuka viti, hakuwa na macho tangu utotoni, na ole wako umshike mkono. "Nimekwambia nimepotea?" angekuuliza. Mji alikuwa nao viganjani. Akitoka nyumbani alifuata ukuta wa kiwanda cha mikate, wenye joto kila asubuhi, kisha baraza la jengo kuukuu la wapiga chapa, lenye nguzo kumi na moja. Alizigusa akizihesabu, na kwenye ya mwisho akakata kushoto kuingia karakanani kwake.

Nilipokuwa mdogo nilimnyatia nyuma, nami nikizigusa. Ya tatu ilikuwa na ufa, ya saba ilinata gundi ya matangazo. Kivuli kilikuwa baridi na wino ulinukia hadi barabarani. Jengo lile nalikumbuka kuliko sura ya baba yangu.

Nami ndiye niliyelivunja. Nilikuwa fundi mwashi, miezi minne sina kibarua, na ghorofa ishirini zilitaka mahali pa kusimama. Wiki mbili za kulibomoa Mjomba alikuwa kitandani na homa, nikawakataza nyumbani wasimwambie. Nilimbembeleza msimamizi aniachie nguzo moja tu kwa muda, ile ya kumi na moja, ili Mjomba ajue pa kukata kona. Nilijiona mjanja kuliko sungura. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi na yangu mawili sikuona kitu.

Alipopona alitoka asubuhi, nami nyuma yake. Ukuta wa mikate ukaisha. Akapapasa mabati ya uzio wetu, akaguna, akaendelea, hadi akaifikia nguzo niliyomwachia. Uso ukamkunjuka.

"Moja," akasema.

Akaipita, akaenda kutafuta ya pili, kule ambako hakukuwa na kitu ila barabara. Nilikimbia nikamvuta shati, lori likapita likipiga honi.

Alipotulia aliuliza nguzo nyingine zimekwenda wapi. Nikamweleza. Akauliza nani kazivunja.

"Mimi, Mjomba."

Nilingoja anitukane, na ningeshukuru. Alinyoosha mkono, akautafuta wangu, akapapasa sugu za nyundo moja moja.

"Basi utanivusha wewe," akasema. "Kila siku."

Nikamshika. Umri wote ule, ndiyo kwanza nikajua mkono wake ulivyokuwa mdogo.