Nusu ya Pili ya Mkanda

Felisia alifahamiana na Flavia Jumanne moja saa nne asubuhi, dukani kwa mafundi wa vifaa vikuukuu huko Guangzhou, na Flavia mwenyewe hakuwepo. Waliokuwepo ni Felisia, mumewe Theophil, dada mmoja wa Kichina mwenye miwani, na mkanda wa video uliosafiri kutoka Bukoba ukiwa umefungwa ndani ya kitenge. Felisia alikuwa njiani kwenda Kangle kuangalia magauni yake yaliyokuwa yakishonwa, akakubali kupitia hapo dakika kumi, tena kwa shingo upande.

Theophil alikuwa na ugonjwa mmoja. Mwanamume mwenye akili zake, anayesafirisha spika na chaja kwa makontena, asiyelewa wala kucheza kamari, alikuwa ameng'ang'ania sinema moja ya kale ya Waingereza tangu ujana wake. Inahusu chombo kinachoshuka kutoka angani na kutua nyikani, na daktari mmoja wa kike anayekubali kuingia ndani yake peke yake ili wanakijiji waachwe salama. Jina lake la Kiingereza Bukoba nzima haikujisumbua nalo. Chombo kilifanana na pipa la mafuta ya taa, basi sinema ikaitwa Pipa.

Na Pipa alikuwa nalo la kila namna. Kwanza huo mkanda. Halafu VCD mbili, ambazo aliyezikata hakuwa na huruma: ya kwanza inaisha daktari akiwa amefumbua kinywa, na mpaka uinuke ubadilishe diski ndipo aseme. Kisha DVD ambayo gauni la kijani la daktari limegeuka kuwa la kijivu. Mwisho, kasha zito lililotoka Uingereza mwaka huu pamoja na kijitabu chake, picha zimesafishwa moja moja mpaka kidoti cha shingoni mwa yule mwanamke kinaonekana. Theophil alimwonyesha mkewe kidoti hicho mara tatu. Felisia akatazama mara tatu. Waume za wenzangu wanakusanya mabaya zaidi, alijisemea, akaendelea kukunja nguo zake.

Sasa Theophil alitaka toleo lake mwenyewe: picha za kasha jipya, sauti ya mkanda wa Bukoba. Kwenye mkanda ule Waingereza hawasikiki vizuri, kwa sababu juu yao kuna kijana anayetafsiri kwa Kiswahili, na kijana huyo ni Theophil wa miaka ishirini na moja. Felisia alijua kwamba mumewe aliwahi kuifanya kazi hiyo. Kumsikia hakuwahi. Alipoolewa, deki ilikuwa imeshakufa, na mkanda ukawa kitu cha kuhamishwa wakati wa kufagia.

Dada wa miwani akasukuma mkanda ndani ya deki. Mistari ikapita, kioo kikatulia, mwanamke akaonekana amesimama mvuani. Na kijana akasema:

"Flavia hakujibu. Flavia wangu huyu, mvua inamnyeshea hana habari nayo. Anaitazama taa ya Pipa, moyo unamwambia nenda, miguu inamwambia ngoja kwanza. Ngoja, Flavia. Usiende kabla hujanisikia."

Felisia alibaki amesimama, mkoba begani. Ilikuwa sauti ya Theophil, hapana ubishi, lakini Theophil huyu yeye hakumkuta. Huyu alikuwa na pumzi. Huyu alilitaja jina la mtu polepole, akaliweka chini kwa uangalifu, akaliokota tena. Miaka kumi na tisa ya ndoa, na yeye Felisia alichoambulia ni sauti ya "Mama Doro, funguo ziko wapi?"

Wivu ukampanda palepale.

"Flavia ni nani?"

"Yupi?" Theophil hakutoa macho kwenye kioo.

"Huyo unayemwomba asiende."

"Ah, Mama Doro. Huyo si daktari wa kwenye sinema?"

"Waingereza nao wanaitwa Flavia?"

Theophil akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha. "Tulikuwa tunawapa majina yetu. Ni kazi tu."

Kabla Felisia hajafungua kinywa tena, picha ikavurugika, ikawa chengachenga tupu, na sauti ikazama. Dada akautoa mkanda, akaufungua kwa bisibisi, akawaonyesha vumbi jeupe lililoota kwenye utepe. Ukungu. "Meiyou," akasema, neno ambalo kila aliyewahi kununua kitu mji ule hulijua tangu siku ya kwanza: hakuna.

"Laoban, jaribu tena," Theophil akamsihi, akimwita bosi kwa Kichina chao cha sokoni. Dada akajaribu mara mbili zaidi. Nusu ya kwanza ilikuwa nzima. Nusu ya pili, meiyou.

Felisia akamtazama mumewe. Mwaka juzi kontena lake lilipozuiwa bandarini, alipiga miayo akaenda kulala. Leo macho yalikuwa yamemwiva kwa ajili ya nusu ya mkanda.

Kangle hakwenda. Alipanda treni mpaka Sanyuanli, kwenye ofisi ya mizigo ya Jovitus, mtu wa Bukoba aliyekuwa mshirika wa Theophil enzi za video. Alisingizia kwamba anaulizia ndege ya Ijumaa. Jovitus akamvutia kiti, akamwagizia chai, na Felisia akajitia kicheko.

"Shemeji Jovitus, leo nimemsikia Theophil kwenye mkanda."

"Wee! Umemsikia?" Jovitus akapiga meza. "Shemeji, kule Bukoba, pale mtaa wa Kashai, kibanda chetu kilijaa kuliko kanisa. Watu wanakaa mpaka dirishani. Theo ndiye alikuwa mtafsiri, na Kiingereza chenyewe alikijua nusu. Inayobaki anaijaza ya kwake. Nobody complained!"

"Na majina?"

"Majina ndiyo ilikuwa biashara sasa. Anaangalia nani kakaa benchi la mbele, basi steringi wa kike anapewa jina lake. Leo Konsolata, kesho mwingine. Mtoto wa watu akisikia jina lake anabebwa na chombo cha angani, kesho anarudi na wadogo zake wote."

Moyo wa Felisia ukashuka mahali pake. Kumbe ni biashara! Alikunywa chai yake nusu kikombe kwa raha kabisa. Angeondoka hapo hapo angelala usingizi mzuri, lakini mwenye wivu haondoki mapema. "Na kwenye Pipa?" akauliza.

Jovitus akakohoa. Akapanga karatasi zilizokuwa zimeshapangika. "Pipa," akasema, "lile alikuwa habadilishi."

"Hata Flavia asipokuwepo?"

"Hata aliposhaolewa Biharamulo, shemeji. Sasa hiyo ndege ya Ijumaa una kilo ngapi?"

Siku zilizofuata Felisia alifanya mambo ambayo angemcheka mwanamke mwingine kwa kuyafanya. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni, kwenye chumba walichopanga, akikagua shingo yake kama ina kidoti. Aliweka sufuria ya ndizi juu ya lile kasha la Uingereza, na Theophil akaiondoa bila neno, akafuta kasha kwa kiwiko cha shati. Alipekua simu ya mumewe akitafuta Flavia, akampata Flavian, fundi bomba wa Bukoba, na nusura ampigie. Chakula alipika, salamu aliitika, lakini midomo aliikaza mpaka mashavu yakamuuma.

Alhamisi Theophil akarudi na maiki mpya. "Nusu ya pili naikumbuka," akasema. "Nitaitia sauti mwenyewe, Jumapili tukitoka kanisani."

"Mwite Felisia," mkewe akasema.

"Nani?"

"Daktari. Kwenye hiyo nusu yako."

Theophil akaweka maiki mezani. "Mama Doro, nusu ya kwanza anaitwa Flavia. Watazamaji watauliza Flavia amekwenda wapi."

"Waambie ameolewa Biharamulo."

Theophil akainua kichwa upesi, akaelewa kwamba Jovitus amesema. Akakaa kitandani. "Sijamwona tangu wakati ule," akasema taratibu. "Wala hatukuwahi kuwa na kitu. Hata salamu nilikuwa namwamkia nikitazama chini. Sijui kama yu hai."

"Ungependa kujua?"

Theophil akaanza kujipangusa goti lisilo na vumbi. Felisia akajuta kuuliza, kwa sababu jibu alilisoma kwenye mkono ule.

"Basi," Theophil akasema mwishowe. "Nitamwita Felisia."

Felisia akapumua. Hakutaka zawadi, hakutaka kuombwa radhi. Alitaka ile sauti ya kwenye mkanda, ile yenye pumzi, ilitaje jina lake. Mara moja tu ingetosha.

Jumapili wakasali kwenye kanisa la mawe pale Yide Lu, wakarudi na treni, wakafunga madirisha. Jua lilikuwa bado kali. Theophil akaweka diski, akavuta maiki karibu, akameza mate. Felisia alikaa ukingoni mwa kitanda na gauni lake la misa, hakulivua, na rangi ya mdomo alikuwa ameipaka upya. 

Kwenye kioo daktari alikuwa anatembea nyikani kuelekea Pipa.

"Felisia akainua mguu," Theophil akaanza. "Felisia akaenda. Felisia akafika."

Alikuwa kama anasoma orodha ya mizigo. Felisia akamtazama, akasema kwa upole, "Rudia, Baba Doro. Usiwe na haraka." Akarudia. Safari hii akaongeza mvua, na upepo, akaongeza na ng'ombe mmoja, lakini kila alipofika kwenye jina alijikwaa akalirukia upande wa pili. Akanywa maji. Akarudia tena.

Daktari akafika kwenye mlango wa Pipa, akageuka. Mwanamume mmoja anayemwacha nyuma yuko mbele yake, na daktari anaanza kumwambia maneno marefu, ya sauti ya chini, ambayo ndiyo sinema nzima. Theophil akasogeza mdomo.

"Mama Doro akamwambia..." Akakata. Akafumba macho. "Felisia akamwambia, nikiondoka funga mlango vizuri. Na dawa zako za presha ziko kwenye droo. Usinywe na tumbo tupu."

 Daktari aliendelea kusogeza midomo huku machozi yanamtiririka juu ya dawa za presha. Felisia nusura acheke. Maneno yale yalikuwa yake mwenyewe, mumewe hakumsingizia hata moja. Alikuwa ameyasema asubuhi ya siku hiyohiyo.

Theophil akasimamisha picha. "Sijui nina nini," akasema, na jasho lilikuwa limemlowesha. "Jina lako halimo mdomoni mwangu. Tangu Dorothea azaliwe nimekuita Mama Doro. Watu wote tunafanya hivyo."

"Na kabla ya Doro?"

Theophil akafikiri. Alifikiri kwa uaminifu kabisa, akitafuta, na huko kutafuta ndiko kulikomchoma Felisia. "Kabla ya Doro," akasema, "nilikuwa nakuita 'we'."

Alionekana mzee, na mwenye haya, na amekosea. Felisia alitaka kumrukia. Alitaka pia kumfuta jasho. Akakaa alipokaa.

"Rudisha nyuma," akasema. "Mwite Flavia."

"Mama Doro, hapana. Nitajaribu tena."

"Mwite Flavia, umalize. Nataka nisikie inavyoishia."

 Theophil akarudisha picha nyuma mpaka nyikani, akaisogelea maiki, na mabega yake yakashuka. Alipofungua kinywa, yule kijana wa kwenye mkanda alikuwa ndani ya chumba.

"Flavia akafika mlangoni. Akageuka, kwa sababu Flavia haondoki bila kuaga. Akasema, msinililie, siendi mbali, naenda juu tu. Mkinikumbuka inueni macho. Na wewe," sauti ikashuka, "wewe usiyethubutu kusema lako, unayejificha nyuma ya maneno ya watu wengine, usidhani sikukusikia. Kila jioni nilikusikia. Nilikaa benchi la mbele kusudi. Ungeniita mara moja tu nje ya mlango huu, kwa jina langu, ningegeuka. Hukuniita. Sasa tazama, mlango unafungwa."

Ukafungwa. Pipa likaanza kutetemeka, nyasi zikalala chini, na Theophil akaendelea kusema, polepole, machozi yakimtoka waziwazi wala hana habari kama yupo mtu. Felisia alikuwa hajapata kumwona mumewe mzuri namna hiyo, na dakika zote zile hakuwa wake. Kilio kikampanda. Akajiziba kinywa kwa viganja vyote viwili, akakibana, kwa sababu maiki ilikuwa wazi na hakutaka kumharibia.