Lala, Hoekstra

Wiki nzima Brandt Hoekstra alitembea na mpira kwapani, ule wa Kimarekani wenye umbo la yai, unaobebwa mikononi. Alikwenda nao darasani, akala nao, akalala nao. Hiyo ndiyo adhabu ya Kocha Dykstra: mchezaji akidondosha mpira uwanjani, ataubeba kila aendako hapo chuoni Tilden Grove mpaka mechi inayofuata, na yeyote atakayekutana naye ana ruhusa ya kuupiga utoke. Profesa wa kemia, mtu mzima na ndevu zake, alimvizia ngazini. Lakini hakuna aliyemtesa kama Mama Lorna, mpishi wa bwalo, ambaye mkono mmoja ulimpakulia supu ya maharage na mwingine ulikuwa ukiuwinda mpira.

"Mpira umeanguka tena, mwanangu," alimwambia Alhamisi, mpira ukiviringika chini ya meza. "Hiyo mikono umeipaka siagi?"

"Hapana, mama. Nina njaa tu."

"Hata hao wa Jumamosi watakuja na njaa."

Jumamosi hiyo walicheza na Hadley, majirani zao. Ukifungwa na Hadley katika mji huu wa mahindi, utakumbushwa kanisani na kwa kinyozi mpaka Novemba nyingine. Brandt alidondosha mara mbili. Mpira wa kwanza Hadley waliuokota wakakimbia nao hadi kuvuka mstari wa mwisho, wakafunga. Wa pili uliwatoka Tilden Grove wakiwa wamebakiza hatua chache wafunge. Uongozi wao mnono ukayeyuka, ikabaki pointi moja. Kocha akamtoa. Brandt akajifunika taulo kichwani, kwa sababu asubuhi Kocha alimwambia waziwazi kwamba akidondosha tena, mwakani atafute mchezo mwingine. Na mchezo mwingine hakuwa nao.

Dakika ya mwisho ilipokaribia, aliyechukua nafasi yake akatoka akichechemea. Viatu vya Kocha vikasimama mbele ya taulo.

"Vaa kofia, unaingia."

"Kocha, nimedondosha mara mbili."

"Miwani ninayo, niliona. Sasa sikiliza. Tunahitaji yadi nne tu. Tukizipata, mpira unabaki wetu, na wao hawawezi tena kuisimamisha saa. Ukizipata, lala chini. Hata njia iwe nyeupe, usifunge."

"Nisifunge?"

"Ukifunga, wanapewa mpira na muda wa kusawazisha. Ukilala, tunakwenda nyumbani. Kulala unaweza?"

"Naweza, Kocha."

Kusema ni rahisi. Jukwaani alikuwepo baba yake, aliyewaacha ng'ombe wake kwa jirani ili aje, na tangu asubuhi ameona aibu tupu. Bao moja lingefuta makosa yote mawili. Brandt aliuchukua mpira akiwa na wazo hilo kichwani, tusimsingizie wema.

Akapenya katikati. Yadi nne zikapita, mstari wa mwisho uko pale mbele, na beki wa mwisho wa Hadley, jitu la shingo nene, akajisogeza kando kwa heshima zote.

"Pita, kaka," alimwambia. "Kafunge bao lako."

Ukarimu ule ndio uliomponya. Tangu lini mtu wa Hadley akamtakia mema? Brandt akajitupa chini hatua moja kabla ya mstari, akajikunja, akaukumbatia mpira kwa mikono na magoti. Beki akatukana. Jukwaa zima likaguna, kisha waliojua wakaanza kucheka.

Kipenga kililia. Mwamuzi akainama.

"Nipe mpira, kijana."

Brandt hakuuachia.

"Mbio zako zimekwisha. Niachie, tumalizie hii mechi."

Ilibidi vidole vifunguliwe kimoja kimoja. Baada ya hapo wenzake hawakufanya kitu ila kupiga goti na mpira na kuitazama saa ikiisha. Brandt alisimama pembeni akipumua kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Nje ya chumba cha kubadilishia nguo, Kocha alimkuta na baba yake.

"Jumatatu njoo bwaloni mikono mitupu," alisema. "Mwakani naanza na wewe."

Jumatatu Mama Lorna alimpakulia, akaunyoosha mkono wake wa kuwinda, akakuta kwapa tupu.

"Uko wapi?"

"Nimeurudisha, mama."

Akamtazama, akamwongezea mkate wa mdalasini. Brandt akaubeba hadi mezani akiwa ameubana kwapani, bila mwenyewe kujua.