Msalaba Chini ya Chokaa

Patasi ilipogonga jiwe kwa mara ya kwanza, mama mkwe wangu Austorga alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, utadhani nyumba ingetoroka. Juu ya ngazi, mume wangu Ponç alikuwa anaung'oa msalaba ambao babu yake aliuchonga pale juu ya mlango. Vumbi lilituingia machoni. Hakuna aliyelia, lakini mimi nilitamani.

Msalaba ule ndio uliokuwa uhuru wetu. Watawa wapiganaji wa Hekalu, wale wenye majoho meupe, walimiliki nusu ya uwanda wetu wa kondoo, na kila nyumba yao ilikuwa na alama hiyo. Aliyekaa chini yake hakumlimia bwana wa ngome, wala hakulazimika kusaga shayiri kwenye kinu chake, ambako msagaji huchota fungu la bwana bila haya. Kisha askari wa mfalme wakawakamata watawa, wakisema ni wazushi wa dini. Ghafla kila mtu akawa anautazama mlango wa mwenzake.

Wiki hiyo hiyo akaja jirani yetu Brenguier, na ndoo ya chokaa na kipande cha jibini. Hilo la jibini ndilo lililomharibia. Mtu huyu hakuwahi kutupa hata tone la maziwa, na ukuta wa malisho yake ulikuwa na tabia ya kusogea upande wetu kila theluji ilipoyeyuka.

"Ponç, mwanangu, usiubomoe," alisema. "Upake chokaa tu. Mambo yatatulia, mashamba haya lazima yapate mwenyewe. Mimi wangu nimeshaufunika."

"Ahsante, jirani," Austorga alijibu, akimtazama mikono badala ya uso.

Alipoondoka tu, akaufunga mlango. "Mnamsikia mjanja huyo? Tukiuficha, anakwenda kumnong'oneza msimamizi wa ngome. Watakuja kukwangua chokaa mbele ya watu, waseme hawa ndio wazushi wenyewe. Halafu malisho yetu ya juu atayachukua nani?"

"Lakini na yeye ameufunika wake, mama," nikasema.

"Uliuona? Ulichoona ni chokaa, Delfina. Chini yake hujui kuna nini."

Nilipokwenda kisimani nilipitia mlangoni kwa Brenguier, nikaukodolea macho ukuta mweupe mpaka mkewe akaniuliza kama nimepotea njia. Kesho yake Ponç akaazima patasi.

Watawa wa Hekalu hawakurudi. Miaka ikapita, mashamba yao wakapewa watawa wengine, walioitwa wa Hospitali, nao walipofika walipita nyumba kwa nyumba wakitafuta alama, wajue zipi sasa ni zao. Brenguier alikwangua chokaa kwa kisu, taratibu, na msalaba ukatokea mzima. Kwetu walikuta kovu. Msimamizi wa ngome, aliyekuwa akiwafuata nyuma, alisema nyumba isiyo na msalaba ni ya bwana wake, na hakuna aliyebisha. Malisho yetu ya juu, yaliyokuwa ardhi ya Hekalu, yalibaki kwa watawa. Wakampa Brenguier ayatunze.

Mwaka ule, mavuno yalipokwisha, tulisimama foleni kinuni, mimi na mama mkwe wangu, magunia mgongoni. Msagaji alichota fungu la bwana, akachota tena. Ponç alikuwa akilima kwa bwana, shamba letu likingoja. Nilikuwa na hasira, na uchovu ukanifungua mdomo.

"Mama, yule mtu alituambia ukweli."

Austorga alikuwa anafunga gunia lililokwisha kunywea. "Najua," akasema. "Kwani mimi mjinga? Alijua neno lake hatuliamini. Angetaka tuuache, angetuambia tuubomoe."

Nilicheka mpaka watu wa foleni wakageuka. Sasa Austorga yuko makaburini, na Brenguier pia, na wajukuu wangu wanapanga foleni kwenye kinu kile kile. Nimeligeuza neno lile kila upande, nikitafuta mahali alipokosea. Bado sijapaona.