Gari Lililomkataa Mama

Lile gari kuukuu lilikuwa na tabia moja ya ajabu: lilizimika pale tu Mama alipokuwa ndani.

Binti yake, mshonaji wa mapazia, alilitumia kila siku kuwapelekea wateja kazi zao, nalo lilienda bila wasiwasi. Lakini siku ya kumpeleka Mama hospitali kwa mazoezi ya mguu wake uliovunjika, lilikohoa, likanyamaza katikati ya barabara huku magari ya nyuma yakipiga honi. Fyuzi ya pampu ya mafuta ilikuwa imeungua. Binti akaweka nyingine, wakasogea kidogo, nayo ikaungua. Fundi wa kwanza alibadilisha betri. Wa pili alibadilisha pampu yenyewe. Kila mmoja alilizungusha mtaani, akalirudisha akiapa kwamba limepona. Mama akipanda, linazima.

Mwanzoni Mama alifanya mzaha, akasema gari limemchoka kama mkwe. Kisha mzaha ukaisha. Akaanza visingizio: leo mguu hauumi, leo kuna baridi. Binti alimsikia akimwambia jirani dirishani kwamba akishakuwa mzigo mtu, hata vyuma vinajua. Maneno hayo yalimchoma.

Akamwendea fundi umeme wa magari ambaye mtaa mzima ulimwita Taratibu, maana hata chai aliinywa kama anayeipima. Taratibu alisikiliza kisa chote bila kugusa boneti, akauliza Mama hukaa wapi. Binti akaeleza kwamba hukaa nyuma, upande wa kushoto, ili aunyooshe mguu juu ya kiti. Mapazia yeye huyaweka kwenye buti.

"Basi tumfuate nyumbani," Taratibu alisema. "Bila yeye nitakuwa nabahatisha tu."

Mama alitoka na fimbo yake, amenuna, akaketi mahali pake. Taratibu akawasha injini, akamwomba ajitikise kidogo. Mama akamtazama binti yake aone kama anachezewa. Kisha akakishika kiti kwa mikono miwili, akajirusha mara moja, akajirusha tena. Injini ikakata.

Walimshusha, Taratibu akang'oa kiti. Chini yake waya wa pampu ulikuwa umechomoka kwenye kishikio, na springi ya kiti ilikuwa imeuchubua mpaka shaba ikaonekana. Kiti kilipokaliwa, springi iliukandamiza kwenye bati, ikapiga shoti, fyuzi ikaungua.

Mama aliinama, akautazama ule waya.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Ni waya, mama. Na wewe ndiye uliyetuonyesha," Taratibu alijibu.

Taratibu alikata kipande kilichochubuka, akaunga kipya, akakivisha mpira na kukibana pembeni, mbali na springi. Kiti kiliporudi, akaweka fyuzi mpya na kuwasha injini. Mama alipanda mwenyewe, akajirusha kwa nguvu zake zote, akicheka mpaka kilemba kikamdondoka. Injini iliendelea kunguruma. Binti alijikuta ameketi kizingitini, machozi yakimtoka bila huzuni yoyote.

Waliondoka hapo hapo kwenda hospitali. Kwenye kila tuta binti alikaza mikono kwenye usukani, na kila mara gari likapita. Walipolivuka la mwisho akageuka amwambie Mama kwamba wamefika. Mama alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, mguu umenyooka juu ya kiti.