Shimo la Mbuzi

Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapita juu ya miti ya Kwa Nzuki, Ndululu alichukua mtungi mtupu wa maji, ule wa manjano wa lita ishirini, akatoka nao barabarani. Hakuwa anaenda kuteka maji. Alikuwa anaenda kutembea.

Mtungi ulikuwa wa kufunga watu midomo. Alipoanza haya mazoezi alitembea mikono mitupu, na nusura yamletee balaa. Huku kati ya Tulia na Matinyani mtu mzima hatembei bure. Hutoka kwake akienda mahali: shambani, sokoni, kanisani, matangani. Mwanamume wa miaka hamsini akipita mbele ya boma lako, afike kwenye mti wa mukau, halafu ageuke arudi alikotoka, huyo amepoteza ng'ombe au amepoteza akili. Wa kwanza kumwona alimuuliza ng'ombe ni wa rangi gani. Wa pili alimpa gunia la mbaazi apeleke sokoni, maadamu anaelekea huko. Kisha mchungaji akaja nyumbani na wazee wawili wa kanisa, wakanywa chai, wakaomba kwa muda mrefu, na wakati wa kuondoka akamvuta kando Kathini, mke wa Ndululu, akamwambia kamba za mbuzi ziwekwe mbali na baba.

Basi akachukua mtungi. Na hata akirudi nao mtupu hakuna aliyeshangaa, kwa sababu kioski cha maji cha sokoni kilikuwa kimekauka tangu maji yaanze kupelekwa kwenye kiwanja cha mpira kunywesha nyasi.

"Baba Wayua." Ilikuwa sauti ya bibi Kavindu, nyuma ya ua wake wa minyaa. "Unaenda wapi?"

"Maji, mwaitu."

"Kioski iko huko umetoka."

"Naenda ile ya mbele."

"Mbele hakuna kioski. Mbele kuna mawe." Bibi akaja hadi kwenye ua. Ndululu akasimama, maana mwaitu ni mama, na mama wa umri ule hajibiwi ukiwa unatembea. Humpi mgongo kabla yeye hajamaliza. "Kathini ni mgonjwa?"

"Ni mzima, mwaitu."

"Amerudi kwao?"

"Yuko jikoni."

"Sasa mbona ni wewe unateka maji? Na huo mtungi mbona unaubeba kwa vidole kama kibeti ya mwalimu?"

Ndululu akacheka kidogo, akauliza habari za mguu wake. Bibi akaeleza mguu wote, kutoka kidole hadi nyonga. Akaeleza na wa jirani. Alipomwachilia, jua lilikuwa limeanza kuchoma, na mbele yake alimwona mtu mwingine akija, ambaye pia angetaka kusalimiwa vizuri. Akageuka akarudi nyumbani. Alikuwa amesimama zaidi kuliko alivyotembea, na shati lilikuwa kavu.

Hiyo ndiyo ilikuwa shida yake. Muuguzi wa zahanati alimwambia jasho, si salamu. Ndululu ni fundi wa nguo. Ameketi mbele ya cherehani tangu akiwa kijana, na tumbo limekua juu ya mapaja yake polepole kama kichuguu. Muuguzi alimfunga kile kitambaa cha kupima presha, akakipuliza, akakipuliza tena, akatikisa kichwa.

"Dawa hatuna," alisema. "Zimeisha. Ujaribu mwezi ujao."

"Mwezi uliopita uliniambia mwezi ujao."

"Na mimi ndivyo nimeambiwa, baba. Lakini utoke jasho. Hiyo kiti yako itakuua."

Hakuhitaji kuelezewa mara mbili. Kaka yake, Mwau, alishikwa na kiharusi akiwa anavaa kiatu. Mtu aliyekuwa akilima nyuma ya maksai toka alfajiri hadi adhuhuri, leo huketi kwenye mkeka, upande mmoja umekufa, mdomo umevutwa kuelekea sikioni. Kila Jumamosi Ndululu humnyoa ndevu. Asubuhi hii pia alimnyoa, akimshika kidevu kwa vidole viwili, na Mwau akamtazama kwa lile jicho zima, akasema nusu ya neno. Ndululu hakuweza kujaza nusu iliyobaki. Akaosha wembe akaondoka. Usiku, akilalia mkono ukafa ganzi, huuchezesha vidole gizani hadi vijibu vyote vitano.

Kitu pekee kilichowahi kumtoa jasho la kweli ni mpira wa wazee. Kila Jumamosi mchana wanaume wa soko, wachuuzi, mafundi, wachinjaji, walikuwa wakifunga kazi mapema na kukimbizana kiwanjani, nusu wamevaa shati, nusu vifua wazi, wakigombana kuhusu goli kama watoto. Kiwanja kilichimbwa na baba zao kwa mwethya, ule ushirika wa jembe na wimbo, ambapo boma zima hutoka na asiyetoka hutozwa kuku. Ndululu alikuwa mdogo wakati huo, lakini anakumbuka akibeba mawe.

Kisha serikali ikaleta maendeleo. Ilikuja na waya wa seng'enge, lango la chuma, nyasi za kupanda, na bango kubwa: UWANJA WA WANANCHI. Tangu hapo hakuna mwananchi aliyeingia. Walisubiri mkubwa aje kukata utepe. Mkubwa akaahirisha, akaahirisha tena. Ndululu akaongezeka shimo moja la mshipi, akatoboa lingine mwenyewe kwa msumari.

Lakini juzi msimamizi wa wadi alipita buchari ya Nzomo, akala mbavu, akapangusa mdomo akasema: "Jumamosi mtacheza." Nzomo ndiye kapteni. Alizunguka soko lote akitangaza, na Ndululu akashona jezi mpya kwa vitambaa vilivyobaki vya sare za shule, za kijani kibichi. Yake aliipima mara tatu.

Saa sita alifunika cherehani. Kathini alikuwa akichambua mahindi ya muthokoi kwenye ungo, akatazama ile jezi.

"Ukianguka huko, watu nitawaambia nini?"

"Na nikianguka hapa kwa cherehani utawaambia nini?"

"Nitawaambia ulikuwa kazini," Kathini akasema. Lakini akainuka, akachemsha maji, akampa kikombe cha uji anywe kwanza. "Ukimbie pole pole. Usijaribu kumwonyesha Kiama kitu."

Kiama ni mwenye duka la hadwea, mtu wa Murang'a aliyekuja Kwa Nzuki na mabati ya kuuza na hajawahi kuondoka. Yeye ndiye kipa. Ndululu alimkuta langoni pamoja na Nzomo na wengine, wote wakiwa kijani, wamesimama kama wanafunzi waliochelewa. Lango lilikuwa limefungwa kwa kufuli la ukubwa wa ngumi. Upande wa ndani, juu ya jiwe, aliketi Kimeu, soja wa kulinda lango. Kabla ya kupewa koti la usoja, Kimeu alikuwa winga wa kulia wa timu hiyo hiyo.

"Kimeu, fungua," Nzomo akasema.

"Barua."

"Barua gani? Msimamizi alisema kwa mdomo wake. Alikuwa anatafuna nyama yangu."

"Mimi nimeambiwa barua. Bila barua hata mama yangu haingii."

Nzomo akapiga simu, akaiweka kwa sauti ili wote wasikie. Msimamizi alikuwa kwenye harusi upande wa Matiliku. Nyuma yake spika zilikuwa zinanguruma.

"Ndiyo, nilisema mtacheza," msimamizi akasema. "Sikusema bila barua. Kuna utaratibu, Nzomo."

"Barua tunapata wapi, mkubwa?"

"Ofisini kwangu. Mnaomba, napiga muhuri. Inafanya kazi siku ile ile imeandikwa, ndio watu wasiwe wanaitumia vibaya."

"Basi tukuje leo."

"Leo ni Jumamosi. Ofisi ni Jumatatu mpaka Ijumaa."

"Sawa, tukuje Jumatatu tucheze Jumatatu."

"Hapana, katikati ya wiki uwanja umefungwa, nyasi inapumzika. Kucheza ni Jumamosi."

Watu wakatazamana. Ndululu akasogeza mdomo karibu na simu. Alisikia moyo ukigonga masikioni na hajakimbia hata hatua.

"Mkubwa, ni Ndululu, fundi. Nikuulize. Barua inaandikwa siku ya kucheza?"

"Ndio."

"Siku ya kucheza ni Jumamosi?"

"Ndio."

"Na Jumamosi hakuna wa kuandika?"

"Umeelewa vizuri kabisa," msimamizi akasema, kwa sauti ya mtu aliyefurahi kueleweka. "Sasa wacha niingie, wanakata keki." Simu ikakatika.

Ndani ya uwanja, kwenye zile nyasi zinazopumzika, mbuzi kama kumi na wawili walikuwa wakila taratibu, wameng'aa manyoya. Mmoja alikuwa amelala katikati kabisa, pale mpira unapoanzia.

"Na hizo mbuzi?" Kiama akauliza. "Hizo ziko na barua?"

Kimeu akajikuna shingoni. "Hizo hazichezi."

"Ni za nani?"

"Wewe unajua ni za nani. Mbona unataka niseme?"

"Ziliingilia wapi?"

Kimeu akatazama chini. Kisha akainuka, akajinyoosha, akasema kwa nguvu kana kwamba msimamizi anasikia huko Matiliku: "Mimi naenda kunywa chai kwa mama wa chapati. Nikiwa huko siwezi kuona kona ile ya mukau." Akapita kwenye kijilango chake, akakifunga nyuma yake, akaondoka bila kugeuka.

Kwenye kona ya mukau waya ulikuwa umeinuliwa na migongo ya mbuzi, na chini yake ardhi ililika, ikawa kishimo laini. Nzomo alipita wa kwanza, kwa tumbo, jezi mpya ikisugua kinyesi cha mbuzi. Akafuata mwuza mitumba. Akafuata Kiama, mrefu kama ngazi, akijikunja na kulalamika kwa Kikuyu. Wanaume wenye wajukuu wakatambaa mmoja mmoja, wakicheka, wakisukumana matako, na mbuzi wakasogea kando wakawapisha.

Ndululu akaja mwisho. Alilala chini, akapitisha kichwa, akapitisha mabega. Kisha tumbo likafika.

"Toa pumzi, Fundi," Nzomo akasema upande wa ndani.

"Nimetoa."

"Toa na ya jana."

Wakamshika mikono wakamvuta. Miba ya waya ikaingia mgongoni. Jezi ikasema *krrrp*, na yeye, fundi, alijua bila kuona kwamba umeachia mshono wa ubavuni, ule alioupitisha mara mbili. Mtu mmoja alicheka hadi akakaa chini. Kiama alipiga magoti, akaanza kukwangua udongo kwa jiwe, lakini Kimeu alikuja mbio kutoka kwa chapati, kikombe mkononi.

"Msichimbe," akasema, na sauti yake sasa haikuwa ya mchezo. "Tafadhali. Mbuzi ikichimba ni mbuzi. Nyinyi mkichimba ni mimi. Jumatatu nitakuwa sina kazi."

Kiama akaweka jiwe chini.

"Nirudisheni nyuma," Ndululu akasema.

Wakamsukuma. Akatoka alikoingilia, kinyumenyume, mashavu yamejaa vumbi. Akasimama, akashika nyaya kwa mikono miwili. Hasira yake haikuwa na mahali pa kukaa. Nzomo hakuwa na makosa. Kimeu hakuwa na makosa. Msimamizi alikuwa anakula keki. Na ndani, kwenye kiwanja alichokibebea mawe yeye akiwa mtoto, walikuwa wameingia wote isipokuwa aliyehitaji zaidi.

"Fundi, kaa hapo uwe refa," mtu akaita. "Upige mbinja."

Mpira ukaanza. Alisimama akiangalia. Nzomo akakosa goli wazi. Ndululu akahisi mkono wa kushoto umekufa ganzi kwa kushika waya, akauachilia, akachezesha vidole. Akamwona Mwau akilini, kwenye mkeka, na kile kiatu kimoja.

Akaanza kukimbia. Hakukimbia vizuri. Alifuata waya kwa nje, kwenye kijia cha vumbi kati ya seng'enge na miiba, tumbo likimtangulia, jezi ikipepea ubavuni. Akapita kona ya mukau, akapita nyuma ya goli, Kiama akamtazama na mpira ukampita. Alipofika langoni chini ya bango alikuwa akihema kwa mdomo, na jasho lilikuwa limeanza kumwingia machoni. Akaendelea.

Mzunguko wa pili alimkuta bibi Kavindu akija kutoka sokoni, mfuko wa unga mkononi, amesimama katikati ya kijia.

"Baba Wayua, unaenda wapi?"

"Siendi mahali, mwaitu."

"Na mtungi wako uko wapi?"

"Nimeuacha nyumbani."

Hakusimama. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kumpita mama wa umri ule bila kusimama, na alisikia aibu ikimpanda shingoni pamoja na damu. Nyuma yake bibi alikuwa akiuliza bado, sasa kwa sauti ya juu, anafukuzwa na nani. Akakunja kona. Upande wa pili wa waya, mbuzi mmoja aliinua kichwa, mdomo umejaa, akamtazama akipita, kisha akarudi kula.